Goti la Nahodha

Mimi ndiye niliyesema. Naanza hapo makusudi, maana hapa Wadlow kila mtu ana namna yake ya kusimulia habari ya goti la Stefan Prystupa, na kwa kila namna aliyesema ni mtu mwingine. Wengine wanamtaja kocha. Wengine wanasema ilikuwa bahati mbaya tu, basi. Si kweli. Aliyesema ni Mavis Lozinski, muuza kahawa na chipsi wa kantini ya uwanja wa barafu, mjane wa miaka sitini na nne, na alisema akiwa na akili zake timamu.

Nyati wa Wadlow ni timu ya hoki ya vijana wa miaka kumi na sita mpaka ishirini. Wengi hawatoki hapa. Wanaletwa kutoka mashambani na miji ya mbali, na klabu inawagawa kwenye nyumba zetu. Unampa kijana chumba, unamlisha, unamfulia, unamkoromea asipovua viatu mlangoni, na yeye anakuita mama. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Wamepita kwangu ishirini na saba. Wengine siwakumbuki hata sura, nakumbuka tu chakula walichokuwa wakikisukuma pembeni ya sahani.

Stefan alikaa kwangu misimu mitatu. Beki, jezi namba nne, na msimu ule nahodha. Alikuwa na miaka ishirini, na ishirini kwetu ni mwisho. Msimu ukiisha unavua jezi, uwe nyota usiwe nyota, na kama hakuna chuo kilichokuita unarudi kwenu.

Alitaka kitu kimoja tu, kuwa daktari wa mifugo. Baba yake ana ng'ombe kusini huko, wa kutosha kula na si wa kutosha kusomesha. Lakini kulikuwa na chuo kimoja Marekani kinachowasomesha bure wachezaji wake, na mtu wa chuo hicho, bwana mmoja aitwaye Whitcomb, ambaye kazi yake ni kusaka vipaji, alikuwa akimwandikia tangu kiangazi. Wana nafasi moja ya beki. Atakuja Februari kumwona kwa macho yake. Stefan aliichapisha ile barua akaibandika kwenye mlango wa friji yangu, chini ya sumaku ya jogoo, na kila alipochukua maziwa aliisoma. Maziwa anakunywa sana.

Sasa, kocha. Anaitwa Lorne Haugen, na ni kocha na meneja kwa pamoja kwa sababu klabu haimudu watu wawili. Novemba kipa wetu alivunjika kidole gumba, na Lorne akaenda kumchukua Latulippe, kipa wa Red Coulee. Bei yake ilikuwa mchezaji wa kutajwa baadaye. Ndivyo tunavyofanya biashara huku. Unamchukua mtu leo, na mwenzako anakuja kuchagua wake kwako siku yoyote kabla dirisha la usajili halijafungwa, yaani tarehe kumi Januari, saa tisa alasiri. Unaruhusiwa kuandika majina tisa ya wasioguswa. Aliyebaki nje ya tisa, mwenzako anaweza kumwita hata kama yuko mezani anakula.

Lorne aliandika tisa wake, wote watoto wa miaka kumi na saba, kumi na nane, wenye misimu mbele yao. Stefan akabaki nje. Sikumlaumu, na hata leo kwa hilo simlaumu. Ukimwandika kwenye tisa mtu wa miaka ishirini atakayeondoka Machi, ukamwacha mtoto atakayekuchezea miaka mitatu, hujui kazi. Lakini Stefan ndiye aliyekuwa akiibeba timu, na Dwayne Fehr, meneja wa Red Coulee, si kipofu. Red Coulee walikuwa wameshinda mechi tatu tangu Septemba. Stefan akienda kule, Whitcomb atamkuta Februari anacheza na watu wanaokimbizana kama kuku. Kwa hiyo tulijiambia kwamba tunamficha kwa faida yake pia, si ya klabu peke yake. Mtu akitaka kufanya jambo hakosi la kujiambia.

Basi tukamlaza. Ndilo neno letu. Mchezaji mzuri akibaki nje ya orodha, mji mzima unamlaza kitandani mpaka dirisha lifungwe: ana mgongo, ana bega, ana kizunguzungu. Kinyozi anasema, muuza petroli anasema, mchungaji hasemi kitu lakini anatikisa kichwa kwa huzuni. Mwaka mmoja tulimlaza fowadi kwa homa wiki tano nzima, na kijana mwenyewe alikuwa ananenepa. Kila mji kwenye ligi una ujanja wake. Huo ndio wetu, na tunajivunia, au tulikuwa tunajivunia.

Kwa Stefan tulichagua goti. Mwezi ule ule wa Novemba alikuwa amegongwa kwenye ubao wa pembeni akakaa nje mechi mbili, kwa hiyo uongo wetu ulikuwa na mfupa ndani yake. Lorne akamnunulia kifunga goti kikubwa cheupe, akamwamuru akivae juu ya suruali, uwanjani na dukani. Akaanza kumpumzisha mechi moja kati ya mbili. Stefan akamwambia haumwi. Lorne akamwambia haumwi kwa sababu amekivaa. Kijana akavaa. Ni mtu wa kutii, ukimwambia kitu mara ya pili unajiona mkorofi.

Mimi nilimuuliza Lorne pale kantini, kabla hatujaanza, kama kijana mwenyewe ataambiwa. Akaegemea kaunta.

"Ukimwambia, atataka acheze kila dakika aonekane, na Fehr atambeba," akasema. "Whitcomb anakuja Februari. Dirisha linafungwa Januari. Hesabu inakubali, Mavis."

Hesabu ilikubali kweli. Niliipiga tena peke yangu nikiosha vikombe, ikakubali. Nikasema haya.

Kazi ya kumlaza mtu inafanyika zaidi kantini kwangu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu wasaka vipaji wote wanasimama hapo. Barafuni ni baridi, kahawa yangu ni ya moto, na kutoka kwenye kaunta unauona uwanja wote. Wanavaa makoti yenye nembo za klabu zao na wanajifanya wanaongea habari za barabara. Miaka kumi na tisa nimewasoma. Anayeandika sana hajui kitu. Anayekuja na koti tupu lisilo na nembo, huyo kajificha, na huyo ndiye wa kuangaliwa. Na akianza kukuuliza habari za wachezaji, yule anayemtaka atamuuliza wa mwisho, baada ya kuzunguka kwanza kwa watu wasiomhusu.

Niseme na jambo la Krismasi, maana baadaye litakuja. Jirani yangu Hildebrandt ana ng'ombe wa maziwa wachache, na asubuhi ya Krismasi mmoja alishindwa kuzaa. Daktari wa mifugo alikuwa mji wa pili na barabara imefungwa na theluji. Stefan alivua kile kifunga goti akakitundika kwenye msumari, akapiga magoti kwenye nyasi kavu karibu saa nzima, mkono ndani mpaka begani, akiongea na yule ng'ombe kwa sauti ya chini. Ndama akatoka hai. Niliyaona yote, nimesimama mlangoni na ndoo ya maji moto. Nilijisikia fahari mpaka nikaona haya, kana kwamba nilimzaa mimi.

Jumapili ya tarehe tano Januari tulicheza alasiri na theluji ilikuwa inapiga tangu asubuhi. Watu walikuwa wachache. Stefan ilikuwa zamu yake ya kupumzishwa, amekaa jukwaani na suti na kile cheupe juu ya suruali. Kipindi cha kwanza kilipokwisha, akaja mtu kwenye kaunta. Mrefu, mvi, kofia ya sufu mkononi, koti la buluu tupu. Akaagiza kahawa na chipsi zilizomwagiwa mchuzi, akakung'uta theluji mlangoni kabla ya kukanyaga mkeka wangu, jambo ambalo hawafanyi.

Nikamwangalia lile koti nikajisemea, umekuja, Fehr amekutuma.

Akaanza. Huyu namba kumi na saba anatoka wapi? Nikamwambia. Kipa wenu mpya kazoea? Nikamwambia kazoea. Yule mdogo mwenye mbio, ana miaka mingapi? Nikamjibu huku nampimia mchuzi, na moyoni nacheka, maana namjua anakoelekea. Alipomaliza nusu ya chipsi akauliza kama vile kakumbuka njiani: na namba nne, mbona hachezi?

Hapo ndipo nilipoonyesha ufundi wangu. Sikukimbilia kujibu. Nilifuta kaunta kwanza. Nikamwambia yule ni wangu, anaishi kwangu. Akaniuliza tabia yake. Nikasema tabia dhahabu, mtoto hana neno, na hiyo ilikuwa kweli, na ukweli ule niliutia kwa makusudi ili kinachofuata kikae vizuri.

"Goti ndilo limemmaliza," nikasema. "Wanaficha, lakini mimi ndiye ninayemwona. Chumba chake kiko juu. Anapanda ngazi kwa makalio, moja moja, kama mtoto wa mwaka mmoja. Nikimsikia usiku anavyojikokota, nakaa jikoni nalia."

Na nikalia. Kidogo, si sana. Machozi yalikuja yenyewe, sijui yalitoka wapi, labda ni kwa sababu ya kumsema mtoto vibaya. Yule mtu akaweka uma chini. Akasema pole, mama, kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Akarudisha sinia mwenyewe, akaacha chenji yote kwenye kikopo, na kipindi cha pili kilipoanza hakurudi kukaa. Nilimwona kupitia kioo akipangusa theluji kwenye gari lake. Nikasema moyoni, nenda kamwambie Fehr.

Nilimpelekea Lorne habari baada ya mechi. Akacheka mpaka akakaa. Ile ya makalio alitaka niirudie mara mbili.

Tarehe kumi, saa tisa kasoro dakika ishirini, Fehr alipiga simu. Lorne alikuwa kantini kwangu makusudi, anangoja, na mimi nikaona uso wake ukifunguka. Red Coulee wamemchagua Amundson, fowadi wa safu ya tatu, mtoto wa miaka kumi na minane aliyekuwa akiishi kwa kina Toews. Kuhusu nahodha wetu Fehr alisema tu kwamba kasikia, na pole. Lorne akakata simu akanikumbatia juu ya kaunta, chumvi ikamwagika. Amundson aliitwa darasani, akafungasha, saa kumi na moja alikuwa kwenye gari. Mama Toews alilia. Sisi wengine tulikuwa na furaha zetu, sikumbuki kama nilimuaga.

Jioni ile Lorne akamwambia Stefan avue, hatari imepita. Hakusema hatari gani. Stefan akafurahi, akanionyesha kwa kuchuchumaa jikoni na kuinuka mara kumi, akaniuliza kama namwona. Nikamwambia aache kunitingishia sakafu.

Jumatatu, tarehe kumi na tatu, nilikuwa jikoni nakunja pirogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Mwanga wa mchana umejaa, radio inasema habari za bei ya ngano. Stefan akaingia na simu mkononi, hajavua viatu. Sikumkoromea. Uso wake haukuwa na rangi.

Akanisomea. Bwana Whitcomb anamshukuru kwa subira yake. Barabara ilipofungwa na theluji akiwa njiani kwenda kumwona kijana mwingine, alipata nafasi ya kupita Wadlow tarehe tano, mapema kuliko alivyopanga. Hakumjulisha kwa sababu hupenda kuwaona vijana wakiwa hawajui wanaangaliwa. Amesikitika kumkuta nje. Amezungumza na watu wanaomjua vizuri, wanaompenda, na amesikia hali halisi ya goti. Chuo hakiwezi kungoja, nafasi ya beki amepewa kijana mwingine, naye ameshakubali. Anamtakia uponyaji mwema na maisha mema.

"Sielewi, Mama," akasema Stefan. "Goti langu zima. Nani kaongea naye?"

Ningeweza kunyamaza. Nawaambieni ukweli, nilifikiri kunyamaza. Kantini wanapita watu mia mbili, angeweza kuwa yeyote, na mji mzima ungenisaidia kutojua, kwa maana kutojua ndiyo kazi tunayoifanya vizuri kuliko zote. Lakini lile koti la buluu lilikuwa limesimama mbele ya macho yangu, na ile kofia mkononi, na jinsi alivyokung'uta theluji. Watu wa Fehr hawakung'uti theluji. Nilijua hivyo hata siku ile, na sikutaka kujua.

Nikafuta unga mikononi nikamwambia yote. Orodha ya tisa, Fehr, kumlaza, kifunga goti, mtu wa koti tupu, nilichosema. Nilisema kwa mpangilio, kama mtu anayesoma risiti, maana ningesimama katikati nisingeweza kuendelea. Alinisikiliza amesimama. Theluji ya viatu vyake ikayeyuka ikafanya dimbwi sakafuni.

"Lorne ndiye aliyekutuma useme habari ya ngazi?" akaniuliza.

"Hapana. Goti ni la Lorne. Ngazi nilitunga mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kwenye friji, nikadhani anataka maziwa. Akaitoa ile barua chini ya jogoo, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akavua viatu, akavipeleka mlangoni, akachukua kitambaa akapangusa lile dimbwi. Afadhali angevunja sahani. Nilitamani avunje sahani, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, hata siku nilipomzika mume wangu bila chozi.

Nilimwambia Lorne, akapiga simu chuoni siku ile ile. Alimwambia Whitcomb kijana mzima, mzima kabisa, atatuma video, atatuma cheti cha daktari. Aliporudi kantini alikuwa amezeeka. Akaniambia yule bwana hakugomba hata kidogo, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru.

Nikapiga mimi. Ilinichukua siku mbili kumpata. Nikamwambia mimi ndiye yule mwanamke wa chipsi, na kwamba nilimdhani ni mtu wa Red Coulee, na kwamba nilisema uongo. Nikamwambia habari za Krismasi, ng'ombe wa Hildebrandt, saa nzima kwa magoti.

"Mama," akasema, "hii kazi nina miaka ishirini na sita. Meneja akiniambia mchezaji wake mzima, siandiki. Wote wanasema hivyo. Anayempikia akiniambia mgonjwa, naandika. Huyo hana sababu ya kunidanganya."

Nikamwambia nilikuwa nayo.

"Nimekusikia. Ile ya ng'ombe ungeniambia ile Jumapili, ningengoja mpaka asubuhi nimwone akifanya mazoezi. Sasa yule mwingine ameshatia saini. Siwezi kumfukuza mtoto wa watu kwa sababu wewe umekumbuka."

Alikuwa na haki. Nilimchukia kwa hilo siku nzima, halafu nikachoka kumchukia.

Tukaviandikia vyuo vingine sita. Mwezi wa kwanza ukifika katikati, vyuo vimeshajaza mabeki wao. Viwili vilijibu vikauliza habari za goti, maana wasaka vipaji hukutana kwenye kantini za miji mingine na huko pia kuna kahawa. Sisi ndio tulioipeleka habari kila mahali, miezi miwili, kwa bidii. Kuirudisha hakuna aliyejua inarudishwaje.

Mechi iliyofuata Stefan alitoka chumba cha kubadilishia nguo na kile kifunga goti cheupe. Alikivalia juu ya soksi, kila mtu akione. Lorne akamwambia akivue. Akasema hapana, kocha. Lorne akamwambia tena. Akasema amezoea. Akacheza dakika zaidi ya mtu yeyote, akazuia, akatoa pasi za magoli mawili, na kila alipopita mbele ya jukwaa la kinyozi na muuza petroli na mchungaji, kile kitu cheupe kilikuwa kinang'aa. Watu walianza kushangilia wakaacha. Hivyo hivyo mpaka Machi. Mechi kumi na nane, na nusu fainali ambayo tulipoteza kwa goli moja muda wa nyongeza, na kote alikuwa nacho. Sijawahi kumwona mtu akicheza vizuri kama vile, na sijawahi kuona uwanja wetu kimya kama vile.

Nyumbani hakubadilika. Alikula, alisema asante, alitoa takataka bila kuambiwa. Kuhama nyumba ni jambo ambalo mchezaji akilifanya mji mzima unaelewa kwamba umemkosea, na Lorne alimpa ruhusa ahame akitaka. Hakuhama. Ila tangu ile Jumatatu aliacha kuniita Mama. Aliniita Bi. Lozinski, kwa heshima yote, kama mtu anayemwita karani wa posta. Bi. Lozinski, chumvi tafadhali. Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya.

Baba yake alikuja kumchukua Jumamosi ya mwisho ya Machi, asubuhi, na gari la kubebea nyasi. Mzee mfupi, mkimya, aliyekataa kahawa na kuwangoja kina Hildebrandt waje kumpa mkono mwanawe. Wakaja, wakampa picha ya ndama. Lorne alikuja pia, akasimama karibu na gari, mikono mfukoni. Nilikuwa nimemfungia Stefan pirogi dazeni nne kwenye boksi la barafu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia.

Mabegi yote yalikuwa yameshashushwa. Stefan alisimama sebuleni akaangalia huku na huku, kisha akaniambia amesahau kitu juu. Nikasema ngoja nikakuletee. Akasema hapana.

Ngazi zangu ni kumi na nne, na mimi nilikuwa chini, mkono kwenye nguzo. Alipanda mbili mbili, kwa mbio, nyumba nzima ikatetemeka. Nikasikia droo ikifunguliwa na kufungwa. Akashuka vile vile, mbili mbili, na zile nne za mwisho akaziruka zote kwa pamoja akatua mbele yangu kwa miguu miwili. Mikononi hakuwa na kitu.

"Umeona, Bi. Lozinski?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeona. Akachukua boksi la pirogi, akaenda nje kwa baba yake.